Kilomita za Kibandani

Kama kuna neno lililomchosha Bwana Mita mwaka ule, ni neno hamasa. Alilisikia kwa daktari, akalisikia kwa shemeji yake, akalisikia redioni asubuhi akinyoa ndevu. Siku moja hata muuza magazeti wa pale kituoni alimwambia, "Mzee, wewe umekosa hamasa tu." Muuza magazeti mwenyewe alikuwa amekalia ndoo tangu alfajiri na hajainuka.

Bwana Mita halikuwa jina lake la kuzaliwa, lakini ndilo lililomganda. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kila siku ya kazi alipanda baiskeli, daftari la namba kwenye mkoba na tochi mfukoni, akapita nyumba baada ya nyumba, akiinama kwenye vishimo vya mita na kufuta utando wa buibui kwa kidole. Aliwajua mbwa wote wa mitaa ile kwa tabia zao. Mazoezi hakuwahi kufanya hata siku moja, na hakuwahi kuyahitaji. Kisha idara ikaleta mita mpya, zinazojisoma zenyewe na kutuma namba ofisini bila kumsumbua mtu. Bwana Mita akapewa kiti katika chumba cha malalamiko, dirisha namba tatu, akawa anakwenda kazini kwa basi. Baiskeli ikaegemezwa ukutani pale barazani. Baada ya mwezi mkewe akaanza kuanika matambara kwenye usukani, na baada ya miezi minne hakuna aliyekumbuka kwamba kitu kile kina magurudumu.

Kilichofuata ni kiu isiyoisha, kwenda haja kila saa, na macho yaliyoanza kuona dirisha namba tatu kama madirisha mawili. Mkewe akamburura mpaka zahanati. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, mwenye sauti ya upole isiyobishiwa.

"Mzee, sukari yako imepanda," alisema. "Hiki ni kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Kiko tisa nukta sita. Nakupa vidonge na miezi mitatu mingine. Panda baiskeli yako, kilomita hamsini kila wiki, na ziandikwe. Tukikutana tena kikiwa chini ya nane, tunaendelea na vidonge. Kisiposhuka, tunaanza sindano."

Neno sindano lilimwingia Bwana Mita mpaka kwenye mfupa. Baba yake mzazi alianza na vidonge, akaenda kwenye sindano, akaishia na mguu mmoja. Kidonda cha kisigino kilichukua miaka miwili. Miaka yote hiyo miwili aliyekiosha, asubuhi na jioni, katika beseni la bluu, alikuwa mkwewe, yaani mke wa Bwana Mita, fundi cherehani mwenye kazi zake na watoto wawili wadogo. Hakulalamika. Mguu ukakatwa, na mwaka haukuisha mzee akafariki. Walipotoka kuzika, mwanamke yule alilitupa lile beseni jalalani, na tangu siku hiyo hakuna beseni la bluu lililoingia nyumbani kwake.

Daktari alimweleza kwamba sindano haikati mguu wa mtu, kinachokata mguu ni sukari iliyoachwa ijitawale. Bwana Mita alielewa kwa masikio. Moyo ulibaki na baba yake.

Basi ikawa wiki kumi na mbili. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, wakala wa bima aliyehudhuria semina za kujitambua nyingi kuliko mafundisho aliyoyakumbuka, alimnunulia tairi jipya la mbele na kimita cha baiskeli, kidogo mfano wa kiberiti. Kilifungwa kwenye usukani, na sumaku ndogo ikafungwa kwenye spoku ya gurudumu la mbele. Gurudumu likizunguka, kimita kinahesabu. Mkewe akatoa daftari jipya, la aina ileile anayoandikia vipimo vya wateja, akasema, "Kila Jumamosi nitasoma mimi. Wewe umesoma za watu inatosha."

Jumatatu ya kwanza Bwana Mita alifika kwenye kona, akagundua tairi la nyuma halina upepo. Jumanne mvua ilinyesha. Jumatano alikwenda kilomita moja kamili, akasimama katikati ya barabara, mguu mmoja chini, akajiuliza swali ambalo hakuna semina iliyomjibu: naenda wapi? Kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kukanyaga pedali bila kuwa na nyumba mbele yake. Kuzunguka tu na kurudi ulipotoka aliona ni kazi ya inzi. Akageuza.

Shemeji hakumwacha apumue. Kila siku saa kumi na moja alfajiri simu ililia, na ujumbe ulikuwa huohuo kwa nguo tofauti. Hamasa ni mbegu, shemeji. Adui yako ni godoro lako. Mshindi huamka kabla ya jogoo. Bwana Mita alisoma huku amelala, akaitupa simu kwenye nguo chafu, akajifunika. Shangazi yake akapiga kumshauri anywe maji ya moto. Mwenzake wa dirisha namba mbili akamshauri ajitazame kwenye kioo na kujisifu. Kila mtu alikuwa na dawa ya uvivu wa Bwana Mita, na wengi wao hawakuwa wamepanda baiskeli tangu wabalehe.

Alhamisi aliisukuma baiskeli mpaka kibanda cha pampu, mwisho wa mtaa. Pampu ilizimwa zamani, lakini ufunguo alikuwa nao bado, maana idara hukumbuka kumpa mtu ufunguo na husahau kuuomba. Ndani kulikuwa na bomba la maji, kreti la kukalia, na utulivu. Akajaza upepo, akaipindua baiskeli miguu juu, akatia mafuta, akazungusha gurudumu la mbele kwa mkono kuona kama linayumba. Halikuyumba. Lilizunguka vizuri sana. Alipoangalia kimita, kilikuwa kimeongeza nukta nne.

Akalitazama gurudumu. Akakitazama kimita. Akalizungusha tena.

Mganga hajigangi. Mtu huyu ndiye aliyewakamata watu zaidi ya sitini waliochezea mita. Aliyemkamata mwenye gereji aliyebandika sumaku kwenye mita ya maji. Aliyemkamata bwana mmoja mwenye bustani ya maua kama shamba la mfalme, aliyekuwa akiigeuza mita kinyume kila Ijumaa jioni ili irudi nyuma. Alivyowakamata alimsimulia mkewe mezani mara mia, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Usisome mita, soma nyumba. Mita ikikwambia ndoo mbili, tazama kamba ya nguo. Tazama bustani. Tazama kama mwenye nyumba anakutazama usoni." Halafu aliongeza kwamba hakuwahi kumuumbua mtu papo hapo. Aliacha karatasi mlangoni, njoo ofisini mwenyewe. "Ukimkamata leo, kesho anatafuta mbinu nyingine. Anayejileta mwenyewe harudii."

Sasa akawa anaamka saa kumi na mbili, anavaa kaptula, anamuaga mkewe kwa sauti ya mtu anayekwenda vitani, anajifungia kibandani. Anakaa kwenye kreti, mkono wa kushoto gazeti, mkono wa kulia gurudumu. Nusu saa, kilomita tisa. Kabla ya kutoka anajimwagia maji ya bomba usoni na mgongoni, anarudi nyumbani akihema. Cha kuudhi zaidi ni kwamba nusu saa ile ingetosha kabisa kuendesha hizo kilomita tisa, au saba za uzee. Hakuokoa hata dakika moja. Kiungo pekee kilichopata mazoezi ni mkono wa kulia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilifika kilomita hamsini na mbili kwa wiki.

Jumamosi mkewe aliinama kwenye usukani, miwani kwenye ncha ya pua, akasoma, akaandika. Arobaini na moja. Hamsini. Hamsini na mbili. Hakusema kitu zaidi ya "haya." Shemeji ndiye aliyesema. Alizibandika namba zile kwenye kundi la familia kwenye simu, na ndugu wakamiminika na pongezi. Shangazi alisema ni maji ya moto. Binti yake anayesoma mbali alituma picha ya misuli. Bwana Mita aliziangalia pongezi zile kwa hasira asiyojua aielekeze kwa nani. Kulaumiwa alikuwa amezoea, tena kulikuwa na haki. Kusifiwa ndiko kulikomnyima usingizi.

Wiki ya sita alihitaji suruali ya kazini, ile ya zamani ilikuwa imechanika mshono. Mkewe akamsimamisha mbele ya cherehani, akapitisha utepe kiunoni. Kabla ya yote haya kiuno kilikuwa sentimita mia moja na moja. Akasoma, akausogeza utepe, akasoma tena.

"Ngapi?" aliuliza Bwana Mita.

"Mia na mbili."

"Ni misuli hiyo. Misuli ni mizito."

"Kiunoni?"

"Kila mahali."

"Haya," alisema mkewe, akaondoa pini mdomoni. "Nitaacha upindo mpana."

Mtu mwingine angeisoma ile "haya." Bwana Mita, msoma nyumba za watu, alivaa shati lake akaenda zake kazini.

Wiki ya nane, asubuhi ya Alhamisi, alifungua mlango akamkuta shemeji barazani. Alikuwa na baiskeli mpya, kofia ngumu, na nguo za kubana zilizomwonyesha alivyoumbwa, jambo ambalo hakuna aliyeliomba.

"Shemeji, leo nakusindikiza," alisema. "Nataka kujifunza kwako. Tunapanda kilima cha tangi."

"Kilima cha tangi leo hapana. Leo nilipanga tambarare."

"Mtu wa hamsini na mbili kwa wiki anaogopa kilima?"

Mkewe alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Nenda, baba," alisema. "Mgeni hakataliwi."

Kilima cha tangi kilianzia nyuma ya shule na kwenda juu moja kwa moja mpaka kwenye tangi kubwa la maji la idara. Kulikuwa na nguzo kumi na moja za umeme kutoka chini hadi juu. Enzi zake Bwana Mita alikipanda mara mbili kwa wiki akipiga mluzi. Siku hiyo kwenye nguzo ya kwanza alihema, kwenye ya pili alisikia moyo masikioni, na kabla ya kuifikia ya tatu alishuka, akaegemea usukani, akatapika chai.

"Mnyororo," alisema alipoweza kusema. "Mnyororo unakwama."

Akaisukuma baiskeli nguzo zote zilizobaki. Juu alimkuta shemeji amekaa kwenye msingi wa tangi, hajatoka hata jasho la maana, ametayarisha hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu. Ilikuwa na mbegu, ilikuwa na tai anayejing'oa manyoya, ilikuwa na mtu mmoja tajiri aliyeanza na kiatu kimoja. Mwisho shemeji alimshika bega na kusema kwa huruma, "Usione haya, shemeji. Wewe ni wa tambarare. Si kila mtu ni wa kilima."

Bwana Mita alikuwa amevumilia mbegu. Alikuwa amevumilia godoro na jogoo. Lakini kuambiwa si wa kilima, chini ya tangi ambalo yeye ndiye aliyelisomea mita tangu lilipojengwa, tena na mtu aliyevaa soksi za rangi ya limau, hilo lilimkaa kooni. Alishuka kilima breki zikilia, akala mkate wake, akaenda kazini, na siku nzima watu waliokuja dirisha namba tatu kulalamika walikuta kuna mwenye malalamiko zaidi yao.

Ijumaa alipita kibanda cha pampu bila kusimama. Alikwenda kilimani peke yake, kwa kisirani tu, akafika nguzo ya tatu. Akashuka, akaitukana ile nguzo kwa heshima, akarudi. Jumamosi akafika nguzo ya tatu na nusu. Jumatatu, ya nne. Hamasa hakuiona njiani. Miguu iliuma, kifua kiliwaka, na kila pedali alimfikiria shemeji na soksi zake. Lakini jambo moja lilikuwa limebadilika: sasa alikuwa na pa kwenda. Jana ya nne, leo ya tano. Nguzo ilimsubiri kama nyumba zilivyokuwa zikimsubiri, na hakulazimika kumweleza mtu yeyote kwa nini anakwenda.

Hapo ndipo uongo ulipomfunga kamba. Kwenda kilimani na kurudi ni kilomita tano. Siku sita, thelathini. Daftari lilikuwa limezoea hamsini na mbili. Kimita kikianza kusoma thelathini wiki aliyoanza kujitahidi kweli, mkewe angeuliza amelegea kwa nini, na shemeji angekuja na hotuba nyingine. Basi Bwana Mita alishuka kilimani magoti yakitetemeka, jasho la kweli likimchuruzika mpaka kwenye soksi, akajifungia kibandani, akaipindua baiskeli na kuzungusha gurudumu kwa mkono ili ukweli wake ufikie kimo cha uongo wake. Alijiona mjinga, na alikuwa mjinga. Alizungusha huku anasonya. Mara mbili alitaka kumwambia mkewe, mara zote mbili akamkuta ameinamia cherehani, akajiambia atamwambia kesho. Wiki ya kumi na mbili alifika nguzo ya tisa. Hakuwa na wa kumwambia, maana kwa hesabu ya daftari alikuwa bingwa tangu zamani.

Siku ya kurudi kwa daktari walikwenda wote wawili. Damu ilitolewa wiki moja kabla; sasa majibu yalikuwa mezani. Daktari aliangalia karatasi, akaangalia daftari, akapiga kalamu kidevuni.

"Tisa nukta moja," alisema. "Imeshuka, lakini kidogo. Na hapa naona hamsini, hamsini na mbili, hamsini na mbili, bila kukosa hata wiki. Mzee, nakupongeza. Wagonjwa wangu wengi hawafiki hata ishirini."

Bwana Mita alitazama sakafu.

"Tatizo ni kwamba mtu anayejitahidi hivi na bado yuko juu ya tisa, maana yake mazoezi na vidonge havimtoshi. Mwili wake umeshakataa. Sitaki kukuchelewesha." Akavuta karatasi ya dawa. "Tunaanza sindano leo. Muuguzi atamfundisha mama namna ya kukuchoma, usiogope."

Kalamu ikaanza kuandika. Bwana Mita alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amepakata mkoba kwa mikono miwili, na alikuwa anamtazama yeye, usoni moja kwa moja, bila kupepesa. Kwa muda, na hili alilikiri baadaye, aliona sindano ni afadhali kuliko kufungua mdomo. Kisha akaona ile mikono juu ya mkoba. Vidole vilikuwa vimekunjwa kama siku zile za kukamua kitambaa juu ya beseni.

"Daktari, subiri," alisema. "Hizo namba za uongo."

Kalamu ikasimama. "Za uongo vipi?"

"Nilikuwa nazungusha gurudumu kwa mkono. Kibandani. Baiskeli imepinduliwa, mimi nimekaa, nasoma gazeti."

"Wiki zote?" aliuliza daktari.

"Wiki saba sikwenda popote. Halafu nikaanza kupanda kilima. Kilima ni cha kweli, nakuapia. Ila nikirudi naongeza za mkono, ili zisipungue kwenye daftari."

"Ili zisipungue kwenye daftari," alirudia daktari. Ile sauti ya upole ilikuwa imemwishia. "Mzee, mimi nakuandikia dawa kwa daftari hili. Dozi yako ilikuwa inatoka kwenye gazeti lako. Umri huu, na kazi uliyofanya. Haya, za kweli ni ngapi?"

Bwana Mita hakujua. Kimita kilichanganya za mguu na za mkono, na hakuna fundi wa kuzitenganisha. Miaka ishirini na mbili aliwaambia watu mita ikishachezewa hata maji halali hayasomeki tena, na sasa alikaa pale kama wao, hana namba hata moja ya kujitetea.

Mkewe alinyoosha mkono, akalichukua daftari, akaligeuza. Akafungua ukurasa wa mwisho, akaliweka mbele ya daktari. Kulikuwa na safu mbili alizopiga mstari kwa rula ya ushonaji. Juu ya moja aliandika kilichosomwa. Juu ya nyingine, kilichotumika. Wiki ya kwanza, mbili. Wiki ya pili, sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka ya saba. Wiki ya nane, kumi na tano. Ya tisa, ishirini na tano. Halafu thelathini, thelathini, thelathini.

"Umezipataje, mama?" aliuliza daktari.

"Mimi ndiye ninayemfulia. Maji ya bomba yakikauka kwenye shati hayaachi alama. Jasho linaacha chumvi mgongoni. Baiskeli ya mdogo wangu nayo ina kimita, na siku waliyokwenda pamoja kilisoma tano, kilimani kwenda na kurudi. Shati moja lenye chumvi, tano. Nimehesabu mashati." Akafikiri kidogo. "Na jana kiuno kimesoma tisini na nane."

Daktari alisoma safu ile, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akaikunja karatasi ya dawa katikati.

"Basi hii nukta tano iliyoshuka ni ya wiki tano tu," alisema. "Hiyo ni habari nyingine kabisa. Sindano haijafutwa, mzee, imesogezwa. Miezi mitatu. Kimita king'olewe, sitaki kukiona. Na daftari abaki nalo mama."

Walitoka mpaka kwenye benchi lililo nje ya lango, wakakaa kusubiri basi. Bwana Mita alikuwa na aibu, na ndani ya aibu alikuwa na hasira, kwa sababu aibu peke yake ilimshinda kuibeba.

"Ulijua tangu wiki ya pili," alisema.

"Ya kwanza. Vile vinywele vya mpira vya tairi jipya vilikuwa bado vimesimama."

"Ukaniacha? Wiki zote hizo unaandika na kusema haya, haya. Na mle ndani umemwacha daktari aandike sindano. Kama ningenyamaza?"

"Ungenyamaza ningeligeuza daftari mwenyewe. Sikuja pale kukuua." Alikuwa anatazama barabara. "Lakini wewe ndiye uliyenifundisha. Anayekamatwa anatafuta mbinu. Anayejileta harudii. Nikasema nisubiri ajilete. Kila Jumamosi nilisubiri. Nikaenda chumbani nikalia, nikarudi nikashona."

Bwana Mita aliwahi kuwaona watu wakilia ofisini kwa sababu ya mita, lakini hakuwahi kufikiri kwamba kuna aliyekuwa akilia nyumbani kwao.

"Mimi uongo wako sikuuogopa," aliendelea mkewe. "Uongo wako hata mtoto angeujua. Nilikuwa nakuona unavyovua viatu barazani, naangalia kisigino. Kila jioni naangalia kisigino chako. Umewahi kujua?"

"Hapana."

"Sasa jua. Shati lenye chumvi nitalifua, hata yawe kumi kwa siku, mpaka mikono ichubuke. Beseni la bluu sinunui tena."

Basi lilikuja, wakapanda, akampisha mkewe upande wa dirisha.

Kesho yake saa kumi na moja simu ililia. Mshindi haulizi hali ya hewa, shemeji. Bwana Mita aliisoma, akasonya, akainuka. Barazani alichukua bisibisi, akakifungua kimita, akakiweka kwenye kopo la vifungo juu ya cherehani. Ufunguo wa kibanda akauweka hapohapo, aende kuurudisha idarani saa ya kazi. Halafu akavaa shati jeupe, safi, lililopigwa pasi jana usiku bila yeye kuomba, akaenda kuitafuta nguzo ya kumi.